Treni ya Namanve kwa macho ya mtu wa Nasser Road

Nianze na alama, maana najua wengi mnasoma alama kisha mnaendelea na shughuli zenu: nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa makusudi, na sababu yake iko huko chini.

Mimi ni mpiga chapa. Duka langu liko Nasser Road, katikati ya jiji la Kampala, ghorofani, katikati ya wakata karatasi na wachonga mihuri. Natoa kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda za makanisa na misikiti, na uchaguzi ukikaribia natoa nyuso za wagombea mpaka wino unaisha. Nalala upande wa Bweyogerere, nyuma ya uwanja wa Namboole. Kutoka kitandani kwangu hadi kwenye mashine ni kama kilomita kumi, umbali ambao babu yangu angeutembea kwa miguu na kufika kabla jua halijawa kali. Tatizo ni kwamba katikati yake kuna Jinja Road na foleni yake.

Gari ninalo. Nalisema hilo mapema kwa sababu Kampala ukimwambia mtu unapanda treni anakuonea huruma. Dada yangu alinipigia simu kutoka Tororo kuuliza kama biashara imeanguka. Haijaanguka. Spacio yangu ipo, imeegeshwa chini ya mwembe, na kuku wameshaizoea. Nalitoa Jumapili kwenda kanisani, na siku za kusafirisha mzigo wa mteja. Siku nyingine zote napanda treni ya abiria ya Kampala–Namanve, ile ya Shirika la Reli la Uganda.

Kwa wasioijua: ni treni ya asubuhi na jioni. Asubuhi inaleta watu mjini, jioni inawarudisha. Inaanzia Namanve kwenye viwanda, inapita Namboole, Kireka na Nakawa, inaishia stesheni kuu ya Kampala. Nauli ni shilingi 2,000, uwe unashuka karibu au mbali. Kwa mtu wa Nasser Road, stesheni kuu ni kama imejengwa kwa ajili yetu. Unashuka, unavuka barabara ukiomba Mungu, dakika chache baadaye unafungua kufuli la duka.

Ndani usitarajie anasa. Mabehewa ni ya kawaida, viti wanaviwahi watu wa Namanve, na kuanzia Kireka sisi wengine tunasimama tumepangwa kama karatasi kwenye rimu. Joto lipo. Lakini treni inakwenda. Wale mnaokaa kwenye taksi (ndivyo tunavyoziita daladala zetu) pale Banda, kwenye Jinja Road, mkitazama taa za breki za gari la mbele mnaelewa nikisema hivyo. Treni inapiga honi, inakata katikati ya nyumba, inapita nyuma ya masoko na magereji ambayo ukiwa barabarani hujui kama yapo, na haina wa kumwomba njia.

Kuna mahali asubuhi reli inakatiza barabara, na mshika bendera anayasimamisha magari. Treni inapunguza mwendo hapo, na aliyesimama karibu na dirisha, kama mimi mara nyingi, anayaangalia magari yaliyopangana kutusubiri. Hebu siku moja nawe angalia. Premio, mtu mmoja. Wish, mtu mmoja. Harrier, mtu mmoja anapaka losheni mikononi. Prado ya serikali, dereva mbele na bosi nyuma, tuseme wawili. Kisha taksi moja imejaa mpaka mlangoni, watu 14 na kondakta, na yenyewe imebanwa kati ya Premio na Wish. Treni inapita na behewa baada ya behewa la watu, na wale wote kwenye viti vyao vya ngozi wanatungoja. Mshika bendera pale kwenye kivuko anakuonyesha kila asubuhi ni nani anayejaza barabara za Kampala, na hajawahi kuitisha semina.

Tuzungumze pesa, maana ndilo swali la kwanza la kila anayenisikia. Petroli imekuwa ikizungukazunguka karibu na shilingi 5,000 kwa lita. Spacio yangu katika foleni inakunywa lita mbili na nusu hadi tatu kwenda na kurudi, kwa kuwa muda mwingi injini inanguruma tu gari limesimama. Hiyo ni zaidi ya elfu kumi na mbili. Weka maegesho ya mjini. Weka yule kijana anayekwambia "mama, nimekuangalizia gari" hata kama hukumtuma. Kwa treni natumia elfu nne kwenda na kurudi, na kama nimechoka naongeza boda ya elfu moja kutoka kituoni hadi nyumbani. Mjini nikiwa na gari natumia mara tatu ya hapo, na bado nafika nimekunja uso.

Na taksi je? Taksi ni ndugu zetu, zimetubeba miaka yote ambayo hakuna mwingine aliyejali kutubeba, sitazitukana. Ila taksi haina saa. Inaondoka ikijaa. Ukiwa wa kwanza kuingia unakaa steji ukiangalia kondakta akiita "Kampala, Kampala, Kampala" mpaka jina la mji linakuchosha. Nauli nayo inategemea mawingu. Asubuhi elfu mbili, mvua ikidondoka jioni elfu nne, na huna wa kumlalamikia. Kuna jioni moja kondakta alitushusha Banda, akasema mafuta yamekwisha. Tuliposhuka wote, gari likageuza, likarudi mjini kuwachukua waliolowa, kwa bei mpya. Mzee mmoja tuliyeshuka naye akaniambia, "Binti yangu, mafuta hayajaisha. Aibu ndiyo imeisha." Tukatembea.

Mtu mwenye gari akifanyiwa hivyo mara mbili, harudi tena kwenye taksi, na wala simlaumu. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaotuhubiria kuhusu hali ya hewa kwenye redio. Wanadhani mtu anaendesha gari kwa sababu ya majivuno. Wapo wa hivyo. Lakini wengi ninaowajua walinunua gari siku waliyochoka kutojua watafika saa ngapi. Gari linawapa uwongo mtamu kwamba wao ndio wenye saa, na foleni ikiwakamata angalau wanalaumu serikali wakiwa wamekaa. Treni imenishika mimi kwa kitu kimoja tu, kwamba naweza kumwambia mteja "njoo saa mbili kamili nitakuwa nimefungua" na nisimdanganye. Kwenye kazi ya kadi za harusi, hilo lina thamani kuliko kiti.

Sasa moshi. Nasser Road ina mashine, ina jenereta, na imezungukwa na barabara zinazopumua dizeli. Sisi wapiga chapa tuna kipimo chetu. Fungua rimu ya karatasi nyeupe asubuhi, iache mezani karibu na dirisha, usiiguse. Jioni chukua ile ya juu kabisa, iweke kando ya ile ya chini yake. Ya juu imekuwa na rangi ya maji yaliyooshea vyombo. Pitisha kidole, utaacha alama. Nikichapa kadi ya harusi kwenye ile ya juu, bibi harusi atanirudishia, kwa hiyo ya juu naitumia kwa hesabu zangu. Na hayo ndiyo masizi makubwa, yanayoonekana. Yale madogo yanayoingia mapafuni, ambayo wataalamu wanayaita PM2.5, hayaachi alama kwenye kidole. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linashauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, na wastani wa Kampala ni mara kadhaa ya huo. Tunajua hivyo kwa sababu ya vijana wa Makerere wenye mradi wa AirQo, ulioanza 2015. Wametengeneza vipimo vya bei nafuu vinavyovumilia vumbi letu na umeme wetu wa kukatika, wakavifunga kwenye majengo na hata kwenye bodaboda. Nawapenda sana wale watoto. Walikataa kungoja mashine za mamilioni kutoka Ulaya.

Msomaji mjanja ataniuliza: mama, treni yenyewe si ni ya dizeli? Ndiyo, na ikiondoka stesheni kile kichwa kinatoa moshi ambao hauhitaji kipimo cha Makerere. Lakini ni kichwa kimoja kinachovuta mamia ya watu. Gawa ule moshi kwa vichwa vilivyomo ndani, kisha gawa moshi wa Harrier kwa yule anayepaka losheni. Halafu Harrier hiyo na Spacio yangu zote zilikuja kutoka Japani zikiwa zimeshazeeka. Sheria ya 2018 ilizuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 na kuendelea, ni sawa, lakini yaliyokwisha kuingia yanaendelea kuzeekea hapa hapa kwetu. Na umeme tunao siku hizi. Bujagali ni megawati 250, Isimba 183, na Karuma ya megawati 600 ilizinduliwa Septemba 2024. Karibu wote ni umeme wa maji. Nchi yenye maji ya Nile kuendelea kuchoma dizeli ya kuagiza ili mtu atoke Kireka afike mjini, hilo fundi wangu wa mashine analicheka kila bei ya mafuta ikipanda.

Kuna dalili. Boda za umeme zimeongezeka mjini, zile unazozisikia tu pale zinapokuwa ubavuni mwako. Kijana anayenichukua Namboole jioni anayo moja. Betri ikipungua haichaji, anaingia kituoni, anachomoa ile iliyochoka, anachomeka iliyojaa, analipia, anaondoka. Kazi yote inaisha kabla sijamaliza kusoma ujumbe mmoja kwenye simu. Anasema faida yake imepanda kwa sababu hanunui petroli wala oili. Mimi faida yangu ni kwamba nguo hazinuki moshi. Mabasi ya Kayoola nayo, ya Kiira Motors wenye kiwanda chao Jinja, ni kitu cha kujivunia: ya umeme, sakafu iko chini hata bibi mwenye magoti mabovu anaingia bila kushikwa mkono, na yanakwenda kilomita 300 kwa chaji moja. Natamani kuyaona mengi yakileta watu kwenye stesheni zetu, Namboole hadi Kira, Namanve hadi Seeta, kila baada ya dakika chache.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli Tororo. Tulikulia kwenye kota za reli, Kiswahili tulikipata pale, kwa sababu kota moja ilikuwa na Mluo, ya pili Mteso, ya tatu Msamia, na bila Kiswahili usingeomba chumvi. Baba alikuwa akitaja njia zilivyofika kama mtu anavyotaja watoto wake: Kampala 1931, Kasese 1956, Pakwach 1964. Aliona pia zikizimwa moja moja, mpaka abiria wakasahau kwamba reli ni ya watu na siyo ya makontena peke yake. Treni hii ya Namanve ilipoanza Desemba 2015 alitaka tiketi aiweke kwenye Biblia yake. Nikampelekea.

Lakini hebu tazama historia fupi ya tiketi hiyo. Ilianza 2015. Ikasimama kampuni iliyokuwa imekodishiwa reli ilipoondoka. Ikarudi Februari 2018. Mwaka 2023 ikasimamishwa tena ili njia ikarabatiwe hadi Mukono, ikarudi 2024. Ukarabati ulikuwa wa lazima, reli ya zamani siyo mchezo. Ila fikiria abiria. Kila huduma inaposimama, kuna mtu anakwenda kukopa SACCO anunue gari, na mtu aliyekopa miaka mitatu kwa ajili ya gari hatarudi kituoni kwa sababu umempigia honi. Mabasi makubwa ya rangi ya chungwa ya mwaka 2012 yalitufundisha hivyo hivyo. Yalikuja mia moja, tukayafurahia, kabla ya miaka miwili yakawa yamezuiwa kwa deni la kodi. Wapo watu Kireka walionunua gari mwaka ule, na mpaka leo wako kwenye foleni mbele yako.

Sasa ile nyota ya tano. Jirani yangu anafanya kazi wizarani, mjini. Ana Premio, anaendesha peke yake kila siku, na anaondoka nyumbani giza likiwa bado zito ili aiwahi barabara, kisha analala ndani ya gari chini ya ofisi mpaka saa mbili. Kila Jumatatu namwambia twende naye kituoni. Jumapili moja akanieleza vizuri, tukiwa tumekaa kwenye ukuta wake tukila maembe.

"Mama, treni yako ina saa zake na mimi nina saa zangu. Asubuhi nakubali, nitakuja. Lakini bosi akiniita kikao saa kumi na moja jioni, tukatoka saa mbili usiku, narudi na nini?"

"Na taksi," nikasema.

"Wewe mwenyewe umenihadithia habari za Banda."

Akanimaliza. Kwa sababu mtu hachagui chombo cha kwendea, anachagua chombo cha kurudia. Kwangu ni rahisi, duka ni langu, nafunga kulingana na treni. Lakini wenye maduka ya Kikuubo wanaofunga usiku, manesi wa zamu, wahudumu wa hoteli, wanafunzi wa masomo ya jioni wa Kyambogo ambao reli inapita jirani na chuo chao, hao wote treni imeshalala wanapotoka. Na mchana nayo haipo. Mzazi akipigiwa simu na shule saa sita kwamba mtoto ana homa, anataka kuondoka saa sita. Siku hiyo moja ya homa ndiyo inayomfanya aje na gari siku zote nyingine, kwa tahadhari. Nikiongea na abiria wenzangu wenye magari nyumbani, ndicho wanachosema, kila mmoja kwa namna yake. Hawaombi viti vya sponji wala intaneti ya bure. Wanaomba treni ya mchana na treni ya usiku, hata kama ina mabehewa mawili tu.

Jambo la pili, fupi: njia ya kufika kituoni. Kwenye reli penyewe mambo ni mazuri, lakini kilomita ile ya mwisho hadi nyumbani ni shida, na hiyo siyo kazi ya watu wa reli peke yao. Taa za barabarani, mahali pa kutembea ambapo boda haitakusukuma mtaroni, kibanda cha kukinga mvua. Mjini wamejaribu, ule mtaa wa Namirembe Road hadi Luwum Street ulitengenezwa kwa ajili ya wanaotembea kwa miguu na baiskeli, na ukipita pale bila magari unasikia viatu vyako. Kitu cha namna hiyo kitoke kila kituo cha reli, hata mita mia tano tu. Mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo wa nyanya hatapanda treni ya bei nafuu ikiwa kuifikia ni kutumbukia kwenye matope.

Mwezi Oktoba 2024 serikali ilisaini mkataba wa reli mpya ya kisasa, ya umeme, Kampala hadi Malaba, kilomita 272. Nitaipanda, Mungu akipenda, kwenda kwetu Tororo. Lakini mimi ningefurahi zaidi kama hii ndogo iliyopo ingeongezewa safari mbili kwa siku kabla ya hiyo kubwa kukamilika. Binamu yangu yuko Dar es Salaam, na mwendokasi ulipoanza kule 2016 alilalamika kuhusu msongamano kwenye vituo, analalamika mpaka leo, lakini gari lake aliuza. Anasema mabasi yanapita kwenye njia yao wenyewe na yanakuja mfululizo, likikupita moja linafuata lingine. Kulalamika ukiwa ndani ya basi ni afadhali.

Kama umeshawishika ujaribu, haya ndiyo ya kujua. Nenda na noti ndogo, usiwe mtu wa kutoa elfu hamsini asubuhi watu wakikusubiri nyuma. Ukipandia Namboole au Kireka kiti usikiwazie, nenda dirishani. Begi libebe mbele, siyo mgongoni, kwa heshima ya aliye nyuma yako. Jioni fika stesheni mapema, kwa kuwa treni haisubiri anayeagiza rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, ya mayai mawili. Agiza ya yai moja, au ule ukifika. Na ukinikuta na boksi la kadi za harusi miguuni, tafadhali usilikalie. Yule wa mwezi uliopita anajijua.